Saa Kumi na Nne za Tabora

Treni ya Mpanda ilitushusha Tabora saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado halijaachia. Treni ya kunipeleka Mwanza ilikuwa ingali njiani kutoka Dar es Salaam. Mama wa dirisha la tiketi alitazama karatasi yake, akaniambia nirudi kabla ya saa moja usiku. Nikajikuta na saa kumi na nne, begi moja la nguo, na mji ambao nimeupita tangu utotoni bila kuvuka hata mara moja lango la stesheni yake.

Utotoni tulikuwa tukisafiri na mama kwenda Kigoma kwa bibi. Tabora ndipo treni inapokatwa. Inatoka Dar ikiwa moja, ikifika hapa inagawanywa: mabehewa ya Kigoma yanaendelea magharibi, ya Mwanza yanapanda kaskazini, ya Mpanda yanafuata laini ya Kigoma hadi Kaliua, kisha yanaingia njia yake. Kukata na kuunganisha huko huchukua saa kadhaa. Mama alitukalisha juu ya mizigo, mimi na ndugu zangu wawili, akasema, "Asinyanyuke mtu. Treni haimngoji mtoto wa mtu." Tukakaa. Tabora yetu ilikuwa harufu ya karanga za kuchemsha, taa chache za manjano, na vyuma vikigongana gizani. Nilipokuwa mtu mzima niliendelea na utii ule ule, bila mama kuwepo. Safari hii nilisema hapana.

Jambo la kwanza kwa msafiri anayesubiri ni mizigo. Usimwachie begi mtu mliyejuana naye behewani jana, hata kama mlikula pamoja. Uliza ofisini stesheni kama kuna pa kuhifadhia. Kama hakuna, karibu na stesheni zipo nyumba za wageni zinazokodisha chumba kwa mchana. Nilifanya hivyo. Nilioga maji ya ndoo, nikabadili shati, nikafunga begi chumbani na kutia ufunguo mfukoni. Usiku mzima wa vumbi la reli uliondoka na ndoo mbili za maji, nikatoka nje nikiwa mwepesi kama mtu aliyelala kitandani.

Kulikuwa kunapambazuka. Nje ya stesheni akina mama walikuwa wamekwisha kuwasha majiko. Nilimwamkia mmoja wao, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba, mwanangu, umetoka Mpanda?" Alijua kwa vumbi la viatu vyangu. Akanimiminia chai ya tangawizi, na badala ya andazi akaniwekea kisahani cha vipande vya rangi ya kahawia iliyokolea, vigumu kidogo nje, vitamu na laini ndani. Yalikuwa matobolwa. Viazi vitamu huchemshwa, humenywa, hukatwa, kisha huanikwa juani mpaka vikauke. Vikikatwa na kuanikwa vibichi huitwa michembe, na hivyo hupikwa baadaye. Matobolwa hayahitaji moto tena. Unatia mfukoni unakwenda zako, na yanakaa miezi.

"Hilo ndilo jina la mji," mama yule akasema. Wenyeji husimulia kwamba wageni wa misafara walikuwa wakiulizia matobolwa, jina likageuka midomoni mwao mpaka likawa Tabora. Nilikula kisahani cha pili nikiamini simulizi hiyo kwa moyo wote. Chakula kinachokauka, kinachobebeka na kinachodumu ndicho chakula cha mtu wa safari, na mji huu umewalisha wasafiri kwa muda mrefu kuliko umri wa reli.

Nilianza na kilicho karibu. Ukisimama nje ya stesheni asubuhi jua likiwa upande mmoja, unaliona jengo la enzi ya Wajerumani kwa utulivu ambao usiku haukupi. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1912 reli iliingia Tabora, na Februari 1914 ikafika Kigoma, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka pwani. Miezi sita baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Laini ya Mwanza, niliyokuwa nikiisubiri, ilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928, na ina urefu wa kiasi cha kilomita 380. Kwa hiyo makutano haya ya njia yametengenezwa na watawala wawili, kila mmoja kwa haja zake. Wanaoyatumia leo ni mama mwenye magunia ya karanga, mwanafunzi anayerudi shule, na mimi.

Yapo mambo ya vita hivyo ambayo kila abiria wa Tabora angepaswa kuyajua akiwa bado amekaa kwenye benchi. Meli za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, na koloni la Wajerumani likaishiwa sarafu za kulipia askari na chakula. Mwaka 1916 sarafu zikaanza kutengenezwa Tabora, katika karakana ya reli. Mafundi waliozoea kutengeneza injini na mabehewa wakapiga heller za shaba za 5 na za 20, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Sarafu hiyo ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, na herufi T ya Tabora. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, kazi ikakoma. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani huitafuta rupia ile kwa bei kubwa. Nilisimama kwenye uzio nikiwatazama vijana wawili wenye mafuta hadi viwikoni wakigonga gurudumu la behewa kwa nyundo, wakisikiliza mlio wake kama daktari anavyosikiliza kifua. Ufundi wa reli ndio huo: chuma kikilia vibaya, wanajua.

Barabara ya Stesheni inakupeleka mjini kwa miguu bila haraka. Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda. Jambo utakaloliona kabla ya mengine ni miembe. Mikubwa, mizee, mingine shina lake watu watatu hawalikumbatii. Inasimuliwa kwamba ilianza kwa kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, na kwamba anayetaka kujua njia ya zamani ya kwenda pwani na afuate miembe. Chini ya vivuli hivyo mafundi cherehani wameweka mashine zao, vijana wa bodaboda wanangoja abiria, wazee wanasoma gazeti moja kwa zamu. Redio ya fundi mmoja ilikuwa ikipiga gitaa la zamani. Mji huu uliwahi kuwa na bendi kubwa: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz. Niliuliza ni bendi gani ile. Fundi akanyanyua macho, akasema, "Hiyo ni Tabora Jazz, baba. Hapa kwetu hatuiulizi." Nikakaa kwenye kigogo chake mpaka wimbo ukaisha.

Saa tatu nilipatana bei na kijana wa bodaboda kwenda Kwihara na kurudi, pamoja na kunisubiri. Patana yote kabla hujapanda, na mwambie treni yako ni saa ngapi. Vijana hawa wanazijua treni kuliko ratiba ukutani. Kwihara iko kilomita chache tu nje ya mji. Njia ya vumbi jekundu inapita kwenye mashamba ya mahindi, karanga na viazi, na kwa mbali unaona mwanzo wa miombo, msitu wa miti ya miyombo na mininga unaofunika sehemu kubwa ya Unyamwezi.

Pale Kwihara lipo tembe: nyumba pana ya udongo, paa bapa, kuta nene, ua katikati, na mlango wa nakshi wa kipwani. Mtunzaji, mzee mwenye kofia ya kiua, alinipokea kwa salamu ya Kinyamwezi, "Wangaluka," nami nikaijibu nilivyoweza. Ndani kuna baridi ya kupendeza, na kuna ramani na kumbukumbu za mmisionari na mpelelezi David Livingstone, kwa maana nyumba hii inajulikana kwa jina lake. Baada ya kukutana Ujiji, yeye na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley walifika hapa Februari 1872. Machi 14 Stanley akaondoka kwenda pwani. Livingstone hakwenda naye. Alibaki hapa Kwihara akisubiri Stanley amletee wapagazi kutoka pwani, na walipofika akaondoka Agosti 25. Zaidi ya miezi mitano alikaa hapa akingoja.

"Miezi mitano!" nikasema. "Mimi nalalamikia saa kumi na nne."

Mzee hakucheka. Akaniambia, "Kila aliyepita hapa alingoja. Hapa ndipo pa kungojea."

Maneno hayo ndiyo niliyoondoka nayo Tabora, na kila nilichokiona baada ya hapo kiliyathibitisha. Kabla ya reli, mahali hapa paliitwa Unyanyembe, na wageni wengine waliita makazi ya Waarabu Kazeh. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Juni. Msafara wa pwani ukifika Unyanyembe, wapagazi wengi walikuwa wamemaliza mkataba wao. Mizigo ikatuliwa, wapya wakatafutwa, wagonjwa wakauguzwa, mvua ikasubiriwa ipite. Ikiwa kuna vita, msafara ulisubiri vita. Stanley mwenyewe alikwama hapa mwaka 1871 kwa sababu Mirambo, mtawala wa Urambo, alikuwa ameifunga njia ya Ujiji na hakuna aliyepita bila ridhaa yake. Stanley akajiunga na Waarabu kumshambulia, wakapigwa, na mwisho akalazimika kuzungukia kusini. Mirambo alikuwa Mnyamwezi aliyejua thamani ya njia kuu inayopita mlangoni pake.

Waliobeba mizigo hiyo yote walikuwa zaidi Wanyamwezi. Wapagazi, tunawaita kwa Kiswahili. Mtu mmoja alibeba kilo thelathini na zaidi, pembe ya ndovu begani au mzigo wa vitambaa na shanga, miezi mitatu njiani, na miguu yake ndiyo iliyokuwa reli. Wengi walikuwa watu huru wanaolipwa, wenye fahari ya kazi yao, na kwao kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa. Anayeutazama mlango wa nakshi wa Kwihara na asiikumbuke minyororo hiyo, ametazama nusu ya mlango.

Mzee alinikumbusha jambo moja la mwisho. Livingstone alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake na kuubeba. Oktoba mwaka huo walifika nao hapa hapa Kwihara, wakamkuta Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akashauri azikwe hapa hapa. Walikataa. Walipumzika, wakaendelea, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Kwa hiyo hata mwili wake ulisubiri Tabora. Na uamuzi wa kuondoka ulikuwa wa wabebaji.

Nilirudi mjini saa sita kasoro, njaa imenishika. Uliza mahali wanapopika nsansa. Ni majani ya kunde yaliyokaushwa, yakapikwa taratibu kwa karanga zilizosagwa, mpaka mchuzi ukawa mzito na wa rangi ya udongo. Nilipewa kwa ugali, nikala kwa mkono, na aliyenipikia alisimama karibu kuhakikisha sahani imeisha. Ni chakula kilichohifadhiwa tangu msimu wa mvua, kama matobolwa. Wanyamwezi ni watu wanaojua kuweka akiba ya kesho ndani ya chungu.

Baada ya chakula nilipumzika kwenye baraza, kwenye benchi la saruji, pamoja na mzee mmoja mwenye bakora. Nilimwambia natoka Kwihara. Akasema wageni wengi huenda Kwihara kumwona Livingstone, wakarudi stesheni bila kuuliza habari za Kura Tatu. Nikamwomba anisimulie.

Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Mzee alikuwa mtoto wa miaka kumi. Anakumbuka mji kujaa wageni kutoka kila jimbo, wengi wao wakishuka kwenye treni, na watoto kutumwa maji tangu alfajiri. Swali lililokuwa mezani lilikuwa zito. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeitisha uchaguzi wenye sharti la ajabu: kila mpiga kura apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu, na mpiga kura mwenyewe atimize masharti ya elimu au kipato. Wajumbe wengi walitaka TANU iususie; kuingia ni kukubali matusi. Julius Nyerere, kiongozi wa chama, alisimama upande wa pili. Aliona kwamba chama kikibaki nje, wengine wataingia, na Waafrika watabaki wakitazama baraza linatunga sheria bila wao. Ilimchukua kazi kubwa kuwashawishi, na mwisho mkutano ukakubali kuingia. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda chama chake, African National Congress. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru. Uamuzi ule unaitwa hadi leo Uamuzi wa Busara.

Nyerere aliujua mji huu kabla ya siku hiyo. Alisoma Tabora School kuanzia 1937, shule iliyoanzishwa miaka ya 1920 hasa kwa watoto wa machifu, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's, hapa hapa Tabora, mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru, pia alitoka hapa. Ukiwa na saa moja ya ziada, mwombe kijana wa bodaboda akupitishe nje ya Tabora School. Huna haja ya kuingia. Tazama tu majengo na miti, na vijana waliovaa sare wakienda zamu zao, ukumbuke waliotangulia kukaa kwenye madawati hayo.

Nilimwambia mzee maneno ya mtunzaji wa Kwihara, kwamba Tabora ndipo pa kungojea. Akatikisa kichwa, akapiga bakora chini. "Ni kweli. Lakini siku ile ya Kura Tatu watu walitaka kungoja uchaguzi mzuri zaidi uje. Mwalimu akawaambia treni ndiyo hii, tuipande." Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya mtu aliyeishi na reli maisha yake yote. Lakini maana yake nadhani ni sahihi. Kungoja ni kazi, na kazi hiyo ina mwisho. Hekima ni kuujua mwisho wake.

Saa tisa nilikwenda sokoni kutafuta asali. Huwezi kuondoka Tabora bila asali, na huwezi kuinunua kwa pupa. Nyuki wa hapa wanachuma maua ya miombo, na asali yake huwa ya rangi iliyokolea, yenye ladha nzito ambayo inabaki kooni. Warina asali huweka mizinga juu ya miti msituni, mingi ikiwa ya magogo yaliyochongwa na kufungwa juu, kisha huenda kukaa huko kwa siku kadhaa wakati wa kurina. Mwaka 1962 wafugaji nyuki wa Tabora walianzisha ushirika wao, na mjini hapa kuna chuo cha kufundisha ufugaji nyuki. Mama aliyeniuzia alinionjesha tatu, kila moja kwenye kijiti chake, akaniambia ni ya msimu gani. Nilichukua lita mbili. Akafunga kifuniko, akakizungushia mfuko wa nailoni mara mbili, akaniagiza, "Isimamishe wima safari nzima. Behewani inatikisika." Msafiri, shika agizo hilo, asali ikimwagika kwenye begi huisafishi kwa wiki.

Najua si kila mtu atapata saa kumi na nne. Wengi hupata saa mbili au tatu, treni ikikatwa. Ukiwa na saa mbili, kunywa chai na matobolwa nje ya stesheni, tembea Barabara ya Stesheni chini ya miembe mpaka mjini, rudi. Ukiwa na saa nne, ongeza soko na asali. Ukiwa na saa sita na kuendelea, nenda Kwihara, ule nsansa, ukae barazani na mzee yeyote uulize habari za Kura Tatu. Kila ukitoka, muulize mtu wa stesheni, wala usimuulize abiria mwenzako, treni inaondoka saa ngapi, uwe umerudi dakika arobaini na tano kabla. Chukua namba ya simu ya kijana wa bodaboda aliyekuchukua. Usiku, kaa penye taa na penye watu wengine.

Magharibi ilipoingia nilikuwa nimerudi, begi mgongoni, dumu la asali wima kati ya miguu. Adhana ilisikika kutoka misikiti miwili kwa kupishana kidogo. Jukwaa lilikuwa limejaa: magunia, kuku kwenye tenga, vitanda vya mbao vilivyofunguliwa vipande, mtoto amelala juu ya furushi la nguo na mkono wa mama yake juu ya kifua chake. Nilimtazama yule mtoto muda mrefu.

Nikampigia mama simu. Anaishi Dodoma sasa, na masikio yake yamepungua, kwa hiyo tulizungumza kwa sauti.

"Uko wapi?"

"Tabora, mama. Stesheni."

"Umekaa kwenye mizigo?"

"Nimezunguka mji mzima. Nimefika Kwihara."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi sijawahi kuuona mji huo. Nilikuwa na watoto watatu na tiketi nne, na nilikuwa naogopa treni." Nilimwambia nimemnunulia asali. Akasema itasubiri mpaka nitakapokuja, asali haiharibiki.

Treni ya Mwanza iliingia, taa yake kali ikafagia jukwaa, na vijana wa karakana wakaanza kazi yao ya kukata na kuunga. Kwa mara ya kwanza maishani nilijua sauti ile inatoka kwenye vyuma gani na mikono ya nani. Nilipata kiti dirishani, nikaweka dumu wima, nikaangalia taa za mji zikibaki nyuma kati ya miembe.

Msafiri mwenzangu wa Reli ya Kati, ukishushwa Tabora, weka mizigo mahali salama, muulize mtu wa stesheni treni yako ni saa ngapi, kisha uvuke lango. Na kama una mama aliyekukalisha hapo juu ya mizigo miaka hiyo, mchukue safari moja, umshike mkono mpaka Kwihara, mrudi kabla treni haijaingia. Mimi wangu nitamchukua mwaka huu, baada ya mvua.